Kufuli Tatu: Laini ya Marehemu

Jina lililokuwa likiwaka kwenye simu ya Perez Ajwang lilikuwa la mwanamke aliyezikwa Jumamosi.

BILHA.

Ninyi mliosoma wiki jana mnajua tulimwacha Perez wapi: nyuma ya meza yake ya omena, dagaa wa ziwani, sokoni Otonglo, gorogoro la kupimia mkono mmoja, simu mkono wa pili, na mdomo wazi. Ninyi mnaoanza leo, hamjachelewa. Karibuni, na mkae karibu na mtu.

Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Mama Debra. Kipande changu ninacho. Saa tisa na nusu, nyuma ya kinu cha kusaga unga. Njoo peke yako."

Perez aliusoma mara tatu.

"Bwana Yesu," alinong'ona, "kama ni pepo, lifunge. Kama ni mtu, nipe miguu ya kwenda."

"Mama, unaniuzia omena ama unaniombea?" aliuliza mteja aliyekuwa akisubiri.

"Chukua tu, mwanangu."

"Bure?"

"Bure kwa nani? Lipa!"

Alitazama saa. Saa tisa na dakika kumi. Saa kumi kamili wanawake wenzake wa kikundi cha Tumaini wangekuja hapa sokoni na polisi. Walikuwa wamemwambia hivyo waziwazi: "Ijumaa saa kumi, tuone akaunti imefunguka. Isipofunguka, utalala ndani."

Akaunti gani? Sikilizeni haraka.

Kikundi cha Tumaini kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Vikundi vingi vya akina mama upande huu wa ziwa vina sanduku kama hilo. Wanawake watatu wanashika funguo tatu, na hakuna anayeweza kufungua bila wenzake. Perez alishika ufunguo wa kwanza. Jacinta Wakhisi, fundi wa cherehani, alishika wa pili. Bilha, mwenye duka la mabati na misumari, alishika wa tatu. Kwa miaka sita sanduku halikupoteza hata shilingi.

Kisha Bilha akaja na habari ya ETF ya bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni.

"Hatununui hiyo bitcoin yenyewe," aliwaeleza wenzake kumi na saba. "Kuna mfuko mkubwa ng'ambo, huo ndio unaishika. Sisi tunanunua hisa za mfuko, kwa broka, wakala wa hisa, kama mtu anavyonunua hisa za kampuni ya simu. Bei ikipanda tunapanda nayo. Ikishuka tunashuka nayo."

"Na ikizama?" mmoja aliuliza.

"Wewe si umeolewa na mvuvi? Atatuvua."

Wakacheka, wakapiga kura, wakakubali. Akaunti ikaandikwa jina la Perez, kwa kuwa broka hakukubali majina kumi na manane. Namba ya simu ikawa ya Bilha. Na neno la siri je?

Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo vijana wa mjini wangelicheka. Walisema, kama sanduku lina kufuli tatu, neno la siri nalo liwe na kufuli tatu. Perez aliandika herufi zake za kwanza huku wenzake wawili wamefumba macho, wanaimba wimbo wa kanisani. Jacinta akafuata. Bilha akamalizia. Hakuna aliyejua kipande cha mwenzake.

Ilikuwa kazi safi ya watu waaminifu. Ila hakuna aliyefikiria kifo.

Mwezi uliopita kikundi kiliamua kuuza hisa zote na kununua jokofu kubwa la samaki. Siku nne baadaye presha ikamwangusha Bilha dukani kwake. Alikufa kabla ya kufika hospitalini, na kipande chake kikaenda naye. Simu yake haikuonekana. Bei ikaanza kushuka, na kila ilivyoshuka, wanawake walizidi kunong'ona kwamba Perez ameiba.

Na sasa marehemu alikuwa anamwandikia.

Perez alimpigia Jacinta.

"Jacinta, nimepata ujumbe kutoka kwa Bilha."

"Bilha gani?"

"Wetu."

Jacinta akasema, "Mama Debra, leo umekula?"

"Sina wazimu! Anasema nimkute nyuma ya kinu."

"Mimi siendi kuonana na mfu. Biblia imekataza."

"Basi nipe tu namba ya broka, niwaulize mwenyewe kabla sijaenda."

"Nilishakuambia, hawaongei na mtu asiye na neno la siri. Utapoteza muda bure." Jacinta akashusha pumzi. "Sawa. Nitakuja. Nitajificha kwa muuza makaa. Akiwa ni mfu, utakimbia peke yako. Akiwa ni mtu, nitakuja na mwiko."

Saa tisa na nusu kamili Perez alisimama nyuma ya kinu. Mashine ilinguruma upande wa pili wa ukuta wa mabati, na unga mweupe ulimwangukia kwenye kitambaa cha kichwa. Hata angepiga mayowe, nani angemsikia?

Mtu akatokea kwenye kona.

Hakuwa mfu. Alikuwa Antony Kahiga, shemeji yake Bilha, mwanamume mrefu mwenye macho mekundu. Mkononi alishika simu ya marehemu yenye kifuniko cha zambarau.

"Wewe!" Perez alishika kifua. "Unatumia simu ya mtu aliyekufa kunitisha?"

"Nimekupigia kwa laini yangu mara saba, mama. Hukushika. Nikaona labda unaheshimu wafu kuliko walio hai."

"Nilidhani unataka kuniuzia mabati."

"Ningekuwa nauza mabati ningekuja na mabati." Kahiga hakutabasamu. "Sikiliza. Bilha ameacha watoto wawili. Fungu lake liko ndani ya hiyo akaunti yenu. Nimesikia mnataka kununua jokofu. Je, hao watoto wataishi ndani ya jokofu?"

Perez alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi. Hakuwa amejiandaa kukutana na mtu mwenye haki.

"Simu umeitoa wapi?"

"Imeletwa dukani jana, ndani ya bahasha. Aliyeileta hakutaja jina. Na ndani ya kifuniko kulikuwa na karatasi hii." Akaonyesha karatasi ndogo yenye herufi sita. "Mwandiko ni wake, naujua. Lakini peke yake haifungui kitu. Ndiyo maana nimekuita."

"Weka karatasi chini!"

Jacinta Wakhisi alitoka kwa muuza makaa kama risasi, mwiko juu, uso umejaa masizi.

"Nimesema uje peke yako," Kahiga alimwambia Perez.

"Nimekuja peke yangu. Huyu amekuja peke yake pia."

"Mama, teremsha hiyo silaha," Kahiga alimwambia Jacinta. "Unaonekana kama umechomwa ukakataa kuiva."

"Nitakuivisha wewe!"

"Nyamazeni!" Perez akapaza sauti, naye Perez si mtu wa kupaza sauti. "Bwana Kahiga, fungu la Bilha ni la watoto wake. Nakuapia mbele za Mungu. Jacinta, ni kweli ama si kweli?"

Jacinta aliangalia simu ya zambarau kwa muda mrefu. "Ni kweli," akasema.

"Basi tufungue."

Wakafanya kama walivyofanya mara ya kwanza. Perez aliandika kipande chake kwenye simu ya Bilha, wengine wamefumba macho. Safari hii hakuna aliyeimba. Jacinta akaandika. Kahiga akamalizia, akitazama karatasi, vidole vikitetemeka. Perez akasema moyoni, Baba, kwa jina la Mwanao, na akabonyeza.

Duara dogo lilizunguka kwenye kioo. Likazunguka tena.

Maandishi yakatokea: AKAUNTI HII IMESIMAMISHWA. TAFADHALI PIGA SIMU OFISINI. Chini yake palikuwa na namba.

"Umeandika vibaya!" Jacinta alimgeukia Kahiga.

"Nimeandika kama ilivyo!"

"Neno la siri halina kosa," Perez alisema polepole. "Lingekuwa na kosa, simu ingesema hivyo. Akaunti imesimamishwa. Nani ameisimamisha?"

Saa tisa na dakika arobaini na mbili.

Perez alitoa simu yake, akabonyeza namba ile kabla Jacinta hajasema lolote, na akaweka spika. Walisogea mbali kidogo na mashine.

"Habari ya mchana, tawi la Kisumu. Unaongea na Wendy."

"Wendy mwanangu, hujambo. Nina swali. Mtu akipoteza neno la siri la akaunti ya ile ETF ya bitcoin, mali yake imekwisha?"

Msichana alicheka kwa upole. "Hapana, mama. Watu wengi wanaogopa hivyo. Ungekuwa unaishika bitcoin mwenyewe, ukapoteza maneno yake ya siri, hapo ungelia. Lakini hii ni ETF. Hisa zako zimeandikwa kwa jina lako, na namba ya kitambulisho chako. Neno la siri ni la kuingilia tu kwenye simu. Hata ukilisahau mara mia, unakuja hapa na kitambulisho, tunakupa jingine kwa dakika kumi."

"Kitambulisho tu?"

"Kitambulisho na uso wako, mama."

Perez alijipapasa mfukoni. Wiki nzima ya kufunga na kuomba! Wiki nzima ya kutolala! Na dawa ilikuwa ndani ya mfuko wa gauni lake, kitambulisho kilichopauka. Machozi yakamtoka.

"Asante Mungu," alisema. "Jacinta, umesikia? Asante Mungu!"

Alipogeuka, Jacinta hakuwa anacheka.

"Nimesikia," Jacinta alisema. "Nimesikia kwamba siku hizi zote ungeweza kwenda mjini na hicho kitambulisho, ukauza kila kitu, peke yako. Sisi tunafumba macho tunaimba, kumbe sanduku halina kufuli hata moja."

"Mimi sikujua!"

"Hiyo utawaambia wenzetu."

Kahiga aliangalia karatasi yake ya herufi sita, akaikunja, akaitupa kwenye unga uliomwagika. "Na mimi nimetetemeka bure," alisema.

"Mama, bado upo?" Wendy aliuliza kutoka kwenye simu. "Nipe namba ya kitambulisho nikuangalizie kwa nini imesimama."

Perez alitaja namba moja moja. Walisikia vidole vya msichana vikibonyeza. Kisha vidole vikasimama.

"Samahani," Wendy alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Naongea na nani?"

"Kwani kuna nini?"

"Mwenye kitambulisho hiki alifariki tarehe mbili mwezi huu. Nina cheti cha kifo hapa mezani."

Wasomaji wangu, kuna maneno ambayo mwili unayasikia kabla ya masikio. Perez alijigusa shingo. Damu ilikuwa inapiga. Alikuwa hai.

Kahiga alirudi hatua moja nyuma, kama vile harufu ya omena aliyokuwa nayo Perez imegeuka ya maiti.

"Mnasema amekufa?" Perez aliuliza. "Nani amewaambia?"

"Mama, siwezi kuzungumzia faili ya marehemu na mtu nisiyemjua. Lakini una bahati, mrithi wake yupo hapa. Ameketi mbele yangu, anasubiri kuweka sahihi. Kama wewe ni wa familia, ongea naye."

Perez aliondoa spika haraka, akabana simu kwenye sikio, akawapa wenzake mgongo.

"Halo?" ilisema sauti ya msichana mwingine.

Nyasaye wangu, Mungu wangu.

Hakuna mama asiyeijua sauti hiyo. Aliijua tangu ilipokuwa kilio cha kwanza.

"Debra?"

Debra alipaswa kuwa Nakuru, kwenye kazi yake ya hoteli. Juzi tu alituma salamu.

"Debra, ni wewe? Mwanangu, unafanya nini hapo? Kwa nini umesema nimekufa?"

Debra alijibu kwa Dholuo, chini sana, kama mtu anayezungumza na mdomo umefungwa. Alisema: "Mama, usitaje jina lako. Nakuomba. Yuko mlangoni, ananitazama. Wakijua uko hai kabla sijatoka hapa, sitatoka."

"Nani? Nani yuko mlangoni?"

"Kata simu, Mama."

Alikuwa analia. Lakini Perez, aliyemlea peke yake, alisimama pale na swali lililomkata kama kisu: hiki ni kilio cha mtu aliyetekwa, ama cha mtu aliyefumaniwa?

Wendy alirudi kwenye simu. "Mama, mrithi hawezi kuongea, ana huzuni. Hebu niambie, wewe ni nani?"

Dakika kumi tu zilizopita Perez aliomba mlango mmoja, na Mungu alimfungulia. Alihitaji kusema maneno mawili tu, Perez Ajwang, na akaunti ingekuwa salama, jina lake safi, kitanda chake nyumbani.

"Samahani," alisema. "Nimekosea namba."

Akakata.

"Umefanya nini?" Jacinta aliuliza. "Alikuwa anasema nini huyo mrithi?"

"Hakuna."

"Mrithi ni nani?"

"Sijui."

Mdomo wa Perez haukuwa umezoea uongo, na ulionekana.

Mashine ya kusaga ilizimika ghafla. Katika ukimya huo walisikia ndara, ndara nyingi, zikikanyaga kokoto. Wanawake kumi na watano wa Tumaini walipita kwenye kona ya mabati. Mbele yao alikuwa polisi mmoja mnene, jasho shingoni, anapepea kofia yake.

"Bado dakika kumi saa kumi ifike!" Kahiga alisema. Soko zima lilijua ile saa kumi.

"Na wewe ni nani, mtunza saa?" polisi alimjibu. "Mama Ajwang ni yupi?"

Vidole kumi na vitano vilimwonyesha.

"Mama, akaunti imefunguka?"

"Afande, nipe mpaka kesho. Kesho asubuhi tu."

"Kesho!" mwanamke mmoja alipiga makofi. "Tangu juzi ni kesho! Kila siku bei inashuka, yeye anatuuzia kesho!"

"Afande," Jacinta alisema, na hakumtazama Perez usoni, "akaunti iko kwa jina lake peke yake. Ofisi yenyewe imetuambia sasa hivi. Anahitaji kitambulisho tu."

Wanawake wakaguna kwa pamoja, mguno mzito wa watu waliodanganywa.

"Jacinta," Perez alisema, "nakuomba."

"Ofisi imewaambia?" Polisi alinyoosha mkono. "Nipe simu. Hii ndiyo namba ya mwisho? Vizuri. Tutawauliza tena, sote tukiwa tunasikia."

"Afande, saa hizi watakuwa wanafunga," Jacinta alisema haraka. "Mpeleke tu kituoni, mambo ya ofisi ni Jumatatu."

"Ofisi ya pesa haifungi kabla ya saa kumi." Akabonyeza. Akaweka spika, akainua simu juu kama mhubiri anavyoinua kipaza sauti.

Ililia mara moja. Mara mbili. Perez aliomba ilie mpaka mwisho wa dunia.

"Tawi la Kisumu, Wendy."

"Madam, hapa ni polisi Otonglo. Nina mama hapa anataka kujitambulisha kuhusu akaunti." Akamsogezea Perez simu mdomoni. "Haya. Sema jina lako, kwa sauti."

Perez alisikia kitu nyuma ya sauti ya Wendy. Kiti kikiburutwa. Mtu akikohoa, mwanamume. Debra alikuwa bado hajatoka.

Akitaja jina lake, mtoto wake. Asipotaja, pingu. Mungu wangu, alisali, usinihesabie hili.

"Naitwa," alisema, na akatazama mbele, mahali ambapo macho yake yalikutana na uso wenye masizi, "naitwa Jacinta Wakhisi."

Wanawake walipigwa na butwaa. Polisi alifungua mdomo. Jacinta alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, lakini kabla hajasema neno, sauti ya Wendy ilitoka kwenye simu, changamfu, ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Ah, Jacinta! Ungesema mapema. Jina lako ninalo hapa kwenye faili. Si wewe ndiye shahidi uliyetuandikia barua kwamba uliuona mwili wa Perez?"